Programu si Kiingereza: Kasumba Hii Ing'olewe

Ipo kasumba iliyoota mizizi katika mji wa Morogoro, na kila mpenda maendeleo anao wajibu wa kuing'oa. Kasumba hiyo inadai kwamba kijana asiyekimudu Kiingereza hawezi kujifunza kuandika programu za kompyuta. Kwamba lugha zinazotumiwa kuiamrisha mashine ni mali ya watoto wa wenye nacho. Na kwamba mtoto wa mkulima wa Mgeta, Kinole au Matombo, akishamaliza shule, atosheke kuwa mtumiaji wa simu iliyobuniwa na wengine, ikiendeshwa na programu zilizoandikwa na wengine, kwa faida ya wengine.

Kasumba hii haihubiriwi jukwaani. Hupenyezwa darasani, pale mwanafunzi anapoambiwa kwamba kwanza akanyooshe Kiingereza chake ndipo arudi kuuliza habari za kompyuta. Hupenyezwa pia katika baadhi ya vituo vya mafunzo, ambako kijana aliyeshuka kutoka milimani na akiba ya mavuno ya msimu mzima huketishwa mbele ya mashine, akapewa karatasi iliyojaa maagizo ya kigeni, akatakiwa kuyanakili herufi kwa herufi. Baada ya miezi michache hutunukiwa cheti. Akiulizwa kwa nini mstari wa tatu umetangulia wa nne, hana jibu. Cheti anacho, ujuzi hana.

Huo si ufundishaji. Ni biashara ya vyeti, na anayeibeba gharama yake ni mkulima.

MANENO 35

Ukweli wa mambo ni mwepesi kuuhakiki. Lugha ya Python, ambayo ni miongoni mwa lugha zinazotumiwa zaidi duniani kuwafundishia wanaoanza, ina maneno maalumu 35 tu. Si 3,500. Na katika hayo 35, mwanafunzi wa miezi ya mwanzo hahitaji zaidi ya kumi au kumi na mawili: neno la kuuliza "kama", neno la "la sivyo", neno la kurudia, neno la kukipa jina kifungu kipya cha maagizo, na mengine machache ya namna hiyo. Kijana wa Kihonda au Mji Mpya anayeyajua kwa moyo majina ya wachezaji wa Simba na Yanga, wa msimu huu na wa msimu uliopita, amekwisha kukariri maneno mengi kuliko hayo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba akili yake haitoshi.

Yaliyobaki ndani ya programu, kwa sehemu kubwa, ni mali ya mwandishi mwenyewe. Vitu anavyovihesabu anaweza kuviita magunia, uzito, bei na hasara. Maelezo anayoyaacha pembeni ili mwenzake aelewe, anaweza kuyaandika kwa Kiswahili fasaha. Mashine haitanuna. Mashine haijui Kiingereza wala Kiswahili. Yenyewe inajua sifuri na moja, basi. Hata Guido van Rossum, aliyeitoa Python kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ni Mholanzi, mtu ambaye lugha ya nyumbani kwao si Kiingereza. Maneno ya kigeni ndani ya programu ni alama za kazi, kama zilivyo gia, klachi na pistoni kwa fundi wa magari wa Msamvu. Fundi huyo hakungoja kufaulu mtihani wa Kiingereza ndipo afungue injini.

Ni kweli kwamba vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba mwanafunzi atakayesonga mbele atakihitaji. Hakuna anayelipinga hilo. Linalopingwa ni kuugeuza utaratibu kichwa chini miguu juu. Mtu hutangulia kuielewa kazi, kisha akajifunza lugha ya kusomea zaidi. Kumfundisha mtu jambo asilolijua kwa lugha asiyoijua ni kumfungia milango miwili kwa mpigo, halafu kumlaumu kwa kubaki nje.

SHULE YA BAO

Wengine watasema kwamba maneno ni machache, sawa, lakini namna yenyewe ya kufikiri ni ngeni kwa Mwafrika. Hoja hii ni potofu kuliko ile ya kwanza.

Programu ni nini? Ni orodha ya maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu, yasiyo na utata, yanayotekelezwa moja baada ya jingine. Msingi wake una nguzo nne: mfuatano wa maagizo, chombo chenye jina, cha kuhifadhia thamani, swali la kuamua njia ya kufuata, na marudio yenye kikomo. Aliyezielewa nguzo hizo nne amekwisha kuvuka kizingiti cha mlango.

Nguzo zote nne zimo katika mchezo wa bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huzichota kete za shimo moja na kuzisambaza, moja moja, katika mashimo yanayofuata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huzichota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, hulala, na zamu humwendea mwenzake. Zikiwekwa kando kanuni za kula na za nyumba, humo mna mfuatano, mna vyombo vinavyobadilika thamani, mna swali linaloulizwa kila kete ya mwisho inapotua, na mna marudio yanayokoma sharti linapotimia. Mzee achezaye bao chini ya mwembe anatekeleza kwa mkono kile ambacho chuoni hupewa jina la kigeni na kutozwa ada. Kijana anayemtazama anakosa jambo moja tu: mwalimu wa kumwambia kwamba alichokiona ndicho hicho anachokiogopa.

MFANO WA LUMBESA

Kuna wanaouliza: hata akijifunza, mtoto wa mkulima programu itamfaa nini? Jibu liko barabarani, katika magunia yanayoshushwa kutoka Mgeta kuelekea sokoni.

Kila mkulima wa viazi anaijua lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mlanguzi huliongezea kichwa kwa kamba na majani, akalifanya kilo 130, kisha akalipa bei ya gunia moja. Ichukuliwe kwamba mkulima ameuza magunia 20 ya namna hiyo. Kilo 600 zimekwenda bure. Ni viazi vya magunia sita halali, jasho la msimu, yamechukuliwa mchana kweupe na mtu ambaye hakushika jembe.

Basi mwanafunzi wa wiki ya pili aandike programu ya kuufichua unyonyaji huo. Ataanza na chombo akiite hasara, akiwekee sifuri. Kisha ataiagiza mashine: kwa kila gunia katika orodha, pokea uzito wake, kama uzito unazidi 100, toa 100, na kilichobaki kiongeze katika hasara, magunia yakiisha, andika hasara yote. Haifiki mistari kumi. Lakini ndani yake nguzo zote nne zimesimama, na mwanafunzi hatazisahau, kwa kuwa hasara iliyoandikwa mbele yake ni ya mama yake.

Mfano kama huu ni tofauti kabisa na ile mifano ya kuazima, inayomtaka mtoto wa Uluguru ahesabu bei za vitu ambavyo hajapata kuviona, kwa fedha ambazo hajapata kuzishika. Mwalimu anayefundisha kwa mifano hiyo humlazimu mwanafunzi kufanya kazi mara mbili: kwanza aifikirie dunia ya watu wengine, ndipo aifikirie programu. Wengi huchoka katika ile kazi ya kwanza, nao huandikwa kuwa wajinga.

KOSA NI BARUA

Mwalimu mwadilifu atamwonya pia mwanafunzi juu ya mitego ya mwanzo, kwa sababu mitego hiyo inajulikana, na kuificha ni ukatili.

Mtego wa kwanza ni alama ya sawasawa. Shuleni mwanafunzi amefundishwa kwamba alama hiyo hulinganisha pande mbili. Akiona imeandikwa kwamba hasara ni sawasawa na hasara kujumlisha 30, huona uongo, naye ana haki. Lazima aelezwe kwamba katika Python alama hiyo ni amri: chukua kilichomo katika chombo, ongeza 30, kirudishe humo humo. Mtego wa pili ni maandishi yenye sura ya namba. Tarakimu anayoiingiza mtu kwa kupiga vibonye, Python huipokea kama maandishi mpaka iamriwe kuigeuza kuwa namba; ndiyo maana 20 ikiunganishwa na 5 inaweza kutoa 205 badala ya 25. Mtego wa tatu ni kuhesabu: katika orodha, gunia la kwanza huitwa namba sifuri.

Mtego mkubwa kuliko yote ni hofu. Programu ikikwama, mashine hutoa maneno ya lawama, na anayeanza hudhani ameharibu mali ya watu. Hajaharibu kitu. Ile ni barua. Katika Python barua hiyo husomwa kuanzia chini, kwa kuwa mstari wa mwisho ndio unaolitaja kosa, na ya juu yake huonyesha mahali lilipotokea. Mwanafunzi aliyefundishwa kuisoma barua hiyo anaweza kuendelea peke yake usiku, mwalimu akiwa amelala. Asiyefundishwa atabaki kuwa mtumwa wa mwalimu, na hapo ndipo wafanyabiashara wa vyeti wanapomtaka awe.

FUNZO LA MILIMA

Wakazi wa Uluguru hawahitaji kuhadithiwa na mgeni nini hutokea pale maarifa yanapoletwa kwa amri bila kueleweka. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani, kwa hoja ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Lengo kwa maneno lilikuwa jema. Lakini mkulima hakuulizwa wala hakuelezwa, aliamriwa. Mahali pengi kazi ile iliufukua udongo mfu wa chini na kuufukia ule wenye rutuba. Wananchi wakakataa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka. Mpango ukafa. Hata hivyo, upande wa Mgeta, ambako mkulima aliona kwa macho yake kwamba tuta linamfaa kwa mboga, matuta yalibaki, na mboga hulimwa juu yake hata sasa. Udongo ni wa milima ile ile na jembe ni lile lile. Kilichotofautiana ni kuelewa na kuona faida.

Mwanafunzi anayenakili mistari ya programu asiyoielewa anachimba matuta ya mwaka 1955.

Liko pia kosa la upande wa pili, nalo halina budi kutajwa, kwa kuwa desturi ya kujisahihisha ni ya Chama chenyewe tangu Mwalimu Nyerere alipoandika kijitabu chake cha mwaka 1962. Serikali ilikuwa na kompyuta tangu katikati ya miaka ya 1960, katika Wizara ya Fedha. Watu wenye ujuzi wa kuziendesha walikuwa haba, na wengi wao wageni. Kazi za hesabu zilipokwama, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Uchungu wa wakati ule unaeleweka: fedha za kigeni zilikuwa chache, na mashine ilikuwa imegeuka bwana badala ya mtumishi. Lakini marufuku haikuzaa mtaalamu hata mmoja. Ilipolegezwa katika miaka ya 1980, vijana wa Tanzania walikuta wenzao wa nchi nyingine wamekwisha kutangulia.

Basi historia imetoa mafunzo mawili. Kuipokea mashine bila kuielewa ni utumwa. Kuikimbia mashine bila kuielewa ni utumwa vilevile. Njia ya ukombozi ni moja: kuielewa.

DOLE GUMBA JIPYA

Katika siku hizi za akili unde wamejitokeza manabii wapya. Wao wanadai kwamba hakuna haja tena ya kujifunza msingi wa programu, kwa kuwa mashine yenyewe imekwisha kujua kuziandika. Mtu aseme tu anachotaka, naye ataandikiwa.

Ni kweli mashine hizo zinaandika, na mara nyingi zinaandika vizuri. Lakini pia hukosea kwa ufasaha na kwa kujiamini. Nani atakayeliona kosa? Kabla ya Taifa kuuvalia njuga ujinga, mkulima alipelekewa mkataba uliokwisha kuandikwa vizuri na mtu mwingine, naye akatia dole gumba. Tatizo lake halikuwa kukosa mwandishi. Tatizo lake lilikuwa kutoweza kusoma alichoandikiwa. Kijana anayepokea programu ya lumbesa kutoka kwa mashine, naye hajui kama imeandikwa kutoa 100 au kutoa 110, anatia dole gumba. Mlanguzi atashangilia.

Taifa hili liliwahi kulifuta dole gumba. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu wa shule za msingi, vijana waliomaliza darasa la saba na wananchi waliojitolea walifundisha chini ya miti, kwa vitabu vyepesi vilivyozungumzia pamba, ndizi na mifugo, na redio ikasaidia. Kufikia mwaka 1986, kwa takwimu za Serikali, wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Ushindi ule ulipatikana kwa Kiswahili. Hakuna aliyemwambia bibi wa Kolero kwamba kwanza akajifunze Kiingereza, ndipo ajue kuandika jina lake.

KINACHOTAKIWA

Morogoro haina kisingizio. Mji huu, ambao wenyeji wake huuita Mji Kasoro Bahari, una Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na njia ya kuelekea Iringa kipo Chuo Kikuu Mzumbe. Vyote viwili vina wahadhiri na wanafunzi wa fani za kompyuta. Kipo Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi. Kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa, miguuni pa Uluguru. Kisichokuwapo ni daraja la kuwafikisha wataalamu hao kwa kijana wa Nyandira.

Kwanza, vyuo vikuu hivyo viandike kitabu chembamba cha Kiswahili cha kumfundishia anayeanza, chenye mifano ya viazi, ndizi, mdalasini na maji ya mto Ngerengere, na kiuzwe kwa bei ambayo mkulima anaimudu. Pili, Baraza la Kiswahili la Taifa lilete istilahi zitakazokubalika. Kompyuta yenyewe iliwahi kupewa majina mawili, ngamizi na tarakilishi, na wananchi wakaendelea kusema kompyuta. Ni fundisho kwamba istilahi hukomaa katika kazi, haikomai kabatini. Tatu, vyuo vya maendeleo ya wananchi na vya ufundi stadi vifungue madarasa ya jioni ya programu kwa Kiswahili. Nne, mwanachuo wa kompyuta anaporudi likizo kijijini kwao, ofisi ya tawi la Chama ifunguliwe, awafundishe wenzake, hata kama mashine ni moja kwa watu kumi. Somo la kwanza halihitaji umeme. Linahitaji bao na kete.

Mwanafunzi naye ana wajibu wake. Aandike kila mstari kwa mkono wake mwenyewe. Asinakili asichoweza kukieleza kwa Kiswahili kwa mdogo wake. Kila siku aivunje programu yake makusudi, aone kosa litakalotokea, kisha aitengeneze. Uvivu wa kufikiri hauna dawa dukani.

Watasimama wenye kejeli na kusema kwamba Kiswahili hakitoshi. Maneno hayo si mapya. Yalisemwa mwaka 1982, pale tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipopendekeza Kiswahili kitumike kufundishia shule za sekondari, na pendekezo lile likawekwa kando. Tangu hapo vizazi vimepita vikikariri majibu ya mitihani kwa lugha visivyoielewa. Leo dunia nzima huiadhimisha lugha hii kila tarehe 7 Julai. Itakuwa aibu kubwa ikiwa lugha hiyo itaimbwa katika maadhimisho na kufungiwa nje ya chumba cha kompyuta.

Mto Ruvu huteremka kutoka Uluguru ukainywesha Dar es Salaam. Milima hii imezoea kutoa. Maji yake, mboga zake na matunda yake huliwa mbali na huko vilikotoka, mara nyingi kwa bei iliyopangwa na mtu mwingine. Haiwezekani na akili za vijana wake ziteremke kwa njia hiyo hiyo, zikawe soko la programu za watu wengine. Mkulima aliyejifunza kusoma aliukataa mkataba wa dhuluma. Mtoto wake akijifunza kuandika programu, ataikataa hesabu ya dhuluma. Kazi hiyo ianze sasa, ianzie chini, na ianze kwa Kiswahili.